Mashine imesoma 17, bosi anataka 26: hapo makosa ni ya nani?

Swali limetoka kwa dada mmoja anafanya kwa maabara ya kupima vifaa vya ujenzi huku Indaa (Industrial Area, Nairobi). Nimelifupisha na nikatoa vitu vyenye vingefanya ajulikane:

"Injinia habari yako. Mimi ni teknishiani, nina diploma, huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Kazi yangu ni kuvunja kyubu za konkriti, vile vipande vya kupima nguvu yake, na kuandika namba. Wiki iliyopita kyubu tatu za siku 28 zimeanguka, ni za kolamu za chini za ploti ya kukodisha, zilikuwa zifike 25 zikaleta 17 hivi. Bosi ameniambia niandike 26 ju huyo klayenti ni wa kila mwezi na ati kyubu zenyewe zilijazwa vibaya huko sayti. Mimi sisaini ripoti, injinia ndio husaini. Swali ni hili, si hio dhambi ni yake? Haya mambo ya maadili tulisoma koleji ni ya maprofeshonali, mimi ni mtu wa kuvunja mawe tu. Na nina mtoto na renti."

Binti yangu, nianze na jibu fupi ndio ukilala leo ulale nalo: usiandike 26. Lakini hilo ulikuwa unalijua kabla hujaniandikia, mtu hashiki simu saa saba usiku kuuliza kitu hajui kabisa. Chenye unauliza kwa ukweli ni kama huu mzigo ni wako ama ni wa mwenye muhuri, na kama wewe ni mwanataaluma ama ni mkono tu wa kuvuta lever ya mashine. Hapo ndio nataka tukae.

Watu wengi wakisikia taaluma wanafikiria digrii, tai, na kadi ya bodi kwa waleti. Mimi huwa naangalia kitu kingine, naangalia kama mwenye kulipa anaweza kukagua chenye amelipia. Ukienda kwa mama mboga unaminya nyanya, ikiwa laini unaweka chini unachukua ingine, hata yeye anajua utaminya. Fundi wa viatu akikushonea soli na uzi mbovu, wiki ijayo uko kwake na kiatu mkononi, mnarushiana maneno kidogo anarudia mnaisha. Sasa daktari akikwambia kibole kimevimba lazima kitolewe usiku huu, utaminya nini? Wakili akikwambia hio kesi ya shamba ya babako ilipitwa na wakati utampinga na nini? Unaamini tu. Na siku utajua ulidanganywa huwa umeshachelewa, tumbo lishafunguliwa, shamba lishauzwa. Hio ndio tofauti yenyewe, na ndio maana serikali huwawekea hao watu uzio: kuna sheria ya mawakili, Sura ya 16, kuna ya madaktari, Sura ya 253, mainjinia tuna yetu ya 2011. Ukijiita wakili na huna leseni unashikwa, ukijiita fundi wa viatu hakuna mtu anakuuliza karatasi. Huo uzio ni biashara nzuri sana kwetu tulio ndani, tunapunguziwa washindani na tunaitisha pesa yenye mtu wa kawaida hawezi kuitisha, na bei ya huo uzio ni kwamba kuna watu hawajatulipa hata bob na lazima tuwafanyie kazi.

(Ukinipeleka mbali zaidi nitakwambia hata dereva wa mathree ya Rongai anaingia hapo, watu wake pia hawawezi kukagua breki. Lakini hio tuiache leo.)

Na hio ya kusema wewe si profeshonali, sheria yenyewe inakukataa. Tangu 2016 kuna Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi na bodi yake, KETRB, ya kusajili mateknolojia na mateknishiani kama wewe, na ina maadili yake na nidhamu yake. Kama hujajisajili fanya hivyo, nitakwambia huko chini ni kwa nini. Lakini tuseme hio bodi haingekuwepo. Bado ningekwambia namba ni yako, na sababu iko ndani ya ile mashine.

Hebu tuirudie kazi yako pole pole, ju najua umeifanya mara nyingi mpaka huioni. Kyubu ni kadude ka milimita 150 kila upande, kilo nane hivi. Unaitoa kwa tangi la maji, unaipangusa, unaiweka katikati na zile pande laini ndio zinagusa sahani za chuma, unafunga kamlango, unaongeza mzigo bila haraka. Sindano inapanda na hakuna kitu unaona. Halafu nyufa nyembamba kama nywele zinatokea kwa kona, vumbi inamwagika kidogo, halafu ile "puh" nzito, sindano nyeusi inarudi chini na ile nyekundu inabaki imesimama penye mzigo ulifika. Ukifungua unapata piramidi mbili zimekutana vichwa. Sindano nyekundu iko kwa 385. Hizo ni kilonyutoni, yaani nyutoni 385,000, gawa kwa eneo la milimita mraba 22,500 unapata 17.1, ni nyutoni kwa kila milimita mraba. Kama ingekuwa 25 ya ukweli ingebeba 562 na kitu.

Sasa niambie, hio dakika, Nairobi nzima, ni nani mwingine anajua hio namba? Injinia wa kusaini ako Upper Hill kwa mkutano. Mwenye ploti ako Dubai ama ako shambani. Kontrakta anataka tu ripoti iingie kwa faili. Wale watu watakodisha hapo, mama na watoto wawili na godoro juu ya mkokoteni, hata hawajajua hio nyumba itakuwepo. Ni wewe, mashine, na biro. Mwenye kusaini atapata karatasi imeandikwa 26 na ataisaini na roho safi, ama na roho chafu kama anajua, hio ni yake. Lakini sahihi yake inasimama juu ya namba yako, yeye hakuwa hapo. Kwa hivyo sheria ikigawanya lawama, fungu lake linaweza kuwa kubwa kuliko lako, sikatai. Lakini ukweli ulipita kwa mkono wako peke yako, na hapo ndio unapata jibu la swali lako.

Kuna sheria ya zamani sana ya Mfalme Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 3,800 sasa, ilisema fundi akijenga nyumba ianguke iue mwenye nyumba, fundi anauawa. Ni kali, watu hupenda kuitaja kwa semina. Mimi huwa naisoma nikiona shida yake, imesema ya mwenye nyumba na mtoto wake na mtumwa wake na mali yake. Mpangaji hayuko. Na hio ndio Nairobi yetu, mwenye anakaa ndani ndiye hana mkataba na mtu yeyote kwa hio mnyororo, hamjui injinia, hajui maabara iko wapi, na ndiye analala chini ya slabu. Mtaani Huruma, hapa Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, nyumba iliangukia watu wakiwa ndani na karibu watu 50 wakafa. Ilikuwa ishaorodheshwa kubomolewa. Karatasi ya ukweli ilikuwepo mahali na haikumsaidia mtu. Sasa fikiria mahali hio karatasi ya ukweli pia haiko, ju mtu aliandika 26.

Utaniambia Injinia hayo ni ya watu wakubwa. Basi nikupe mdogo. Mwanzoni mwa miaka ya 90 kulikuwa na karani kijana Benki Kuu anaitwa David Munyakei. Si mkurugenzi, si mhasibu mkuu, karani. Karatasi za fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi zilikuwa zinapita kwa meza yake na hesabu hazikai, ju Kenya hio dhahabu ilikuwa kidogo sana na hio almasi haikuwa nayo. Wakubwa wote wenye sahihi walikuwa wamesaini. Yeye akatoa hizo karatasi zikafikia wabunge wa upinzani, na ndio nchi ikajua kashfa inaitwa Goldenberg. Mwaka 1993 akakamatwa kwa mambo ya siri za serikali, kesi ikaangushwa lakini kazi ilienda na haikurudi. Alikufa 2006 akiwa hana kitu. Sikuambii hio ndio ujisikie vizuri. Nakuambia ju watu wengine watakupea tu zile hadithi za shujaa ameshinda, na mimi nikikuficha bei nitakuwa nafanya kama bosi wako, nakuandikia 26.

Wale wamesoma sana watakutajia Challenger, chombo cha anga cha Marekani kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, Januari 1986, watu saba wakafa. Usiku wa kuamkia hio siku mainjinia wa kampuni ya kutengeneza roketi, mmoja wao Roger Boisjoly, walisema baridi imezidi, zile mpira za kuziba viungo hazitafanya kazi, msirushe. Kwa hicho kikao bosi mmoja akamwambia mwenzake avue kofia ya uinjinia avae ya umeneja. Akavua. Mimi chenye hunishika hapo ni kwamba hata hao mameneja hawakuambia Boisjoly abadilishe namba zake. Walizisikia, wakazipuuza, dhambi ikabaki kwao na ikaonekana wazi ni yao. Bosi wako hataki kupuuza namba, anataka isikuwepo. Hata hio kofia ya umeneja hataki kuivaa mwenyewe, anataka uivae wewe wa diploma na mshahara mdogo.

Na mimi nisijifanye malaika hapa. Mwaka wa 1994 nilikuwa kijana kwa kampuni moja ya washauri, nilitakiwa nipande juu nikague chuma za slabu kabla konkriti imwagwe. Ilikuwa inanyesha, pikapu ya ofisi ilikuwa imeenda kwingine, fomeni akatuma kijana na fomu mpaka mezani kwangu. Nikasaini hapo nikinywa chai. Slabu ikamwagwa, nyumba ikasimama, watu wakaingia, na kwa miaka nikachukua hio kama ushahidi kwamba sikukosea. Miaka sita baadaye nikarudi hapo na kazi ingine kabisa, tukainua kapeti ya ofisi moja, chini yake ufa umepita juu ya boriti kutoka ukuta mpaka ukuta. Tulipochimba tukapata zile chuma za juu zilikanyagwa na watu wa toroli siku ya kumwaga zikashuka karibu chini kabisa, penye hazibebi kitu. Dakika tano tu ningekuwa pale ningeona. Tukaweka chuma za kushikilia, hakuna mtu aliumia, na hakuna mtu kwa hio chumba alijua fomu ilisainiwa na nani. Mimi nilijua. Niliangalia hio kapeti imekunjwa kwa kona, walikuwa wanakanyaga hapo kila siku wakienda kuchukua maji.

Sasa turudi kwa bosi wako, ju amesema kitu kimoja cha maana na tusimnyime. Kyubu inaweza kujazwa vibaya. Nishaona zimegongwa mara tatu badala ya kushindiliwa sawasawa, nishaona zimewachwa juani siku mbili kwa sababu fundi alienda matanga, nishaona zinarukaruka nyuma ya pikapu Outering yote. Kyubu kama hio italeta 17 na kolamu iko salama. Kwa hivyo 17 haimaanishi nyumba itaanguka, na usiende ukisema hivyo kwa mtu yeyote. Lakini fuata hio hoja mpaka mwisho. Kama kyubu ni mbovu, basi nguvu ya kolamu haijulikani. 26 imetoka wapi? Hoja yake inampeleka kwa "hatujui, tupime tena", yeye ameruka hapo akafika kwa "imepita".

Na uelewe pia kuna upande wa pili wenye bosi hakukuambia, zile kyubu tunaita za mtihani. Fundi mjanja anachanganya karai moja ya simiti nyingi pembeni, anajaza kyubu na hio, na kolamu anaimwagia uji. Hizo zitakuja kwako zilete 34 na utaandika 34 ju ndio mashine imesema. Ndio maana ripoti ya maabara inafaa kuandikwa kwamba sampuli imeletwa na klayenti, mlipima chenye kililetwa, basi. Hio sentensi ndogo ni ya uaminifu kuliko watu wanavyodhani, inasema mwisho wa chenye tunajua ni hapa.

Nina swali kwako pia. Kyubu za siku saba za hio kolamu zilisema nini? Kwa kawaida simiti ikifika siku saba huwa imefika kama theluthi mbili ya nguvu ya siku 28. Kama hizi zimeisha kwa 17, za siku saba zilikuwa 11 ama 12 hivi, na ilitakiwa zikaribie 17. Kuna mtu aliona hio. Kama ni wewe na uliandika sawa, basi karatasi ya ukweli iko tayari kwa faili na hata ukiandika 26 leo haitaingiana na ya wiki tatu zilizopita. Kama hazikuletwa kabisa, hio pia iandike.

Za kufanya, vile ningefanya mimi. Kitabu cha mashine kiandike 385 na zile zingine mbili vile zilikuwa, kwa biro, na usifute. Maabara ikiwa imepewa ithibati na KENAS, wale wa kukagua maabara, kwa ule mfumo wa ISO 17025, rekodi ya kwanza haifai kupotea, ukirekebisha lazima ya zamani ionekane, na hio ndio hoja bora ya kumwambia bosi ju inagusa mfuko wake: mkaguzi akipata hii tunapoteza ithibati na klayenti wote, sio huyu mmoja. Mwambie ukiwa peke yenu, bila watu. Nimeona mabosi wengi wa aina hio, wanakusukuma kidogo waone kama unapinda, ukisimama wanajifanya ilikuwa mzaha.

Halafu andikia injinia wa kusaini. Andika imeili, simu wacha. Na usimshtaki mtu humo ndani, andika tu: "Injinia, kyubu za kolamu za chini za siku 28 zimeleta 17.1, 16.8 na 17.4. Kuna wasiwasi kuhusu vile sampuli zilijazwa. Napendekeza tupime kolamu zenyewe." (Namba hizo mbili za mwisho weka zako.) Ni sentensi tatu na zimehamisha mzigo mahali pake, ju kuanzia hapo hawezi kusema hakujua. Kati yenu nyote yeye ndiye ana leseni ya kupoteza, usishangae akikupigia kukushukuru.

Na hapo dawa si kubomoa, watu hufikiria ukisema ukweli lazima tingatinga lije. Wataenda na ile nyundo ya kupima, watoboe vipande vya konkriti kwa kolamu zenyewe wavivunje, wakipata ni sawa nyumba inaendelea. Wakipata ni 17 kweli, mwenye kuchora anarudia hesabu, wanaweza kuvalisha hizo kolamu konkriti na chuma zaidi, ama wapunguze ghorofa. Kwa mwenye ploti hio ni gharama inauma, najua, lakini vile mjengo wa Nairobi hukimbia saa hii wako slabu ya pili ama ya tatu. Wakifika ya saba na wapangaji wako ndani, hio kazi ya kuvalisha kolamu itakuwa mara ngapi bei?

Kama wote wawili wamekataa na unajua ripoti imeenda na 26, hapo ni KETRB, bodi ya mainjinia EBK, na NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, wenye wana nguvu ya kusimamisha sayti. Ndio maana nasema ujisajili, ukiandika kama mtu amesajiliwa na bodi barua yako inasomwa tofauti na ya mtu bila jina. Kama kuna pesa imetembea, sheria ya hongo ya 2016 ina kifungu cha kulinda mwenye ametoa habari, lakini sitakudanganya, kifungu hakilipi renti. X na TikTok wacha ziwe za mwisho kabisa, ukianzia huko utaambiwa unatafuta kiki na mjadala utakuwa juu yako badala ya kolamu.

Kuhusu mtoto na renti, hapo sina namba ya kukupea. Anza kutafuta kwingine wiki hii ukiwa bado na kazi, maabara si hio moja, na mtu anajulikana kwa hii Indaa kwamba namba zake hazisongi huwa anaitwa, nimewaita wawili mimi mwenyewe. Inaweza kuchukua mwezi, inaweza kuchukua sita. Ongea na mwenye nyumba mapema. Lakini uweke pia hii kwa hesabu yako: siku kitu kikienda vibaya, wachunguzi wakija maabara hawataanza na maoni ya bosi, wataitisha kitabu, na kando ya 26 kutakuwa na herufi mbili za jina lako. Yeye aliongea tu, hakuandika mahali.

Na vile vipande, kama bado viko kwa karai nyuma ya mashine, usiwache vitupwe Jumatatu. Viandike namba na maka pen, piga picha yenye tarehe, weka kando. Ukishaongea na bosi niambie amesema nini, na usisahau kunitumia zile za siku saba.